Kabla ya kununua vifaranga, piga hodi kwa wanaofuga

UFUGAJI wa kuku nyuma ya nyumba ni miongoni mwa mambo ya kwanza yanayomjia akilini mkazi wa mjini anayetafuta kipato cha kuongezea mshahara, au mstaafu anayetafakari namna ya kukitumia kiinua mgongo chake kabla hakijayeyuka. Hesabu yake huwa nyepesi. Kuku 100 wa mayai, trei mbili na ushei kwa siku, zidisha kwa siku 30, kisha zidisha kwa bei ya dukani. Faida huonekana hata kabla tofali la kwanza la banda halijawekwa.

Tatizo la hesabu hiyo ni kwamba huanzia mwishoni. Kifaranga wa kisasa wa mayai akinunuliwa leo, hataanza kutaga hadi afikishe takriban wiki ya 18 hadi ya 20. Katika muda huo wote anakula, na hadi afikie wiki ya 20 anakuwa amekula kati ya kilo 7 na 8 za chakula. Kwa kuku 100 hiyo ni mifuko 14 hadi 16 ya kilo 50, mbali na chanjo, maranda, umeme na mshahara wa kijana wa kazi, na yai hata moja halijaonekana. Wapo walioishiwa fedha katika mwezi wa nne, wakauza mitetea iliyobakiza wiki chache tu kuanza kutaga, kwa bei ya kuku wa kitoweo.

Mambo ya namna hii hayaonekani katika hesabu ya kwenye karatasi, lakini huonekana upesi sana kwenye banda la mtu mwingine. Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa mfugaji mtarajiwa wa Kimara, Tabata, Goba au Kigamboni ni kwamba, kabla ya kutafuta fundi wa banda, awatembelee wafugaji wasiopungua watatu. Ziara hizo, hata hivyo, zina kanuni zake. Moja kati ya hizo ikipuuzwa, mgeni anaweza kumwachia mwenyeji wake hasara ya kundi zima la kuku.

Swali la kwanza ni nani wa kumtembelea. Wengi hukimbilia kwa mtu anayeuza vifaranga, kwa kuwa ndiye mwenye matangazo na ndiye aliye tayari kuzungumza. Huyo ana mengi ya kufundisha, lakini ni mfanyabiashara, na haitarajiwi aanze maelezo yake kwa kutaja hasara. Anayefaa zaidi ni yule anayefuga idadi inayokaribiana na ile mgeni anayoitaka, katika uwanja unaolingana na wake, na ambaye hana cha kumuuzia. Wauzaji wa maduka ya chakula cha mifugo huwafahamu watu hao mmoja mmoja, maana huwaona kila wiki wakibeba mifuko. Ofisa mifugo wa kata naye huwajua, na mara nyingi hujua pia ni nani kati yao anayechanja kwa wakati.

Inafaa pia kuona kuku wa aina tofauti. Kuku wa kisasa wa mayai hutaga mayai kama 280 au 300 kwa mwaka akitunzwa vizuri, lakini hataki mzaha katika chakula na maji. Kuku wa nyama huwa tayari kwa kuchinjwa katika wiki tano au sita, hivyo fedha huzunguka haraka. Lakini wiki moja tu ya kukosa mnunuzi huigeuza faida kuwa chakula cha kuku. Kuku wa kienyeji anayeachwa atamie na kulea mwenyewe hutaga mayai 40 hadi 60 tu kwa mwaka, ila anavumilia mengi na nyama yake ina wateja wasiobabaishwa na bei. Katikati yao wapo chotara kama Sasso na Kuroiler. Mradi wa utafiti wa kuku ulioongozwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) kuanzia mwaka 2014 katika Tanzania, Ethiopia na Nigeria haukuishia kuwapima kuku wa aina hizo katika vituo vya watafiti. Uliwapeleka kwenye kaya za wafugaji wa kawaida, ili ijulikane wanavyoishi na kutaga mikononi mwa watu wenyewe. Kama wataalamu waliona haja ya kutazama ua wa mwananchi kabla ya kutoa hukumu, mtu anayetaka kutumia fedha yake mwenyewe ana sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo.

Yupo wa nne ambaye mara chache hutafutwa, naye ni yule aliyeacha. Karibu kila mtaa una banda tupu lililogeuzwa stoo ya mbao na magodoro. Mwenye banda hilo hana la kuficha wala la kujisifia, na nusu saa ya mazungumzo naye yaweza kufaa kuliko semina ya siku nzima.

Saa ya kwenda nayo ina maana yake. Mgeni anayealikwa saa nne asubuhi hukuta banda limefagiliwa na vyombo vimeoshwa. Mwenyeji akiridhia, heri kufika saa 12 alfajiri, wakati wa kulisha, au saa nane mchana jua likiwa kali. Asubuhi huonyesha kazi ilivyo na ni nani hasa anayeifanya, kwa kuwa kuku wa baba mara nyingi huhudumiwa na mama au na watoto kabla hawajaenda shule. Mchana, kwa joto la Dar es Salaam la kati ya Desemba na Machi, huonyesha kama banda linapitisha hewa. Kuku waliotanua mabawa na kutweta huku midomo ikiwa wazi wanalalamika kwa lugha yao kwamba paa ni la chini mno au kuta zimezibwa kupita kiasi. Banda linalofaa pwani huwa na ukuta mfupi chini na wavu juu, na urefu wake huelekea mashariki na magharibi ili jua lisipenye ubavuni.

Pua ndiyo kipimo cha pili. Banda la kuku halinukii waridi, lakini harufu inayochoma macho ni dalili kwamba maranda yamelowa na hayageuzwi, au kuku wamejazana. Kuku wa mayai wanaolala sakafuni huhitaji mita moja ya mraba kwa kila watano au sita. Kwa hiyo kuku 100 wanataka chumba cha kama mita nne kwa tano. Mgeni anaweza kuuliza idadi ya kuku, akapima chumba kwa hatua zake, kisha akajipatia jibu bila kumhoji mtu. Akirudi kwake ajiulize pia kama jirani wa upande unakoelekea upepo ataivumilia harufu hiyo wakati wa masika. Ugomvi mwingi wa kuku mjini huanzia puani, na huishia kwa ofisa afya.

Kuhusu maswali, mgeni mwenye adabu haulizi moja kwa moja mwenyeji anapata shilingi ngapi, na akiuliza huenda asipewe jibu la kweli. Maswali yenye faida ni ya vipimo. Ulileta vifaranga wangapi, na sasa wako wangapi? Mfuko mmoja wa chakula unakaa siku ngapi? Jana umeokota mayai mangapi? Kuku anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, yaani kuku 100 humaliza karibu kilo 12, na mfuko wa kilo 50 hauvuki siku ya tano. Wakitaga mayai 80 kwa siku, hizo ni trei mbili na mayai 20. Chukua bei ya leo ya kilo 12 za chakula, iweke kando ya bei ya jumla ya mayai hayo 80, na tofauti yake ndiyo inayopaswa kulipa chanjo, maji, vibarua na ile mifuko 15 ya mwanzo. Bei hupanda na kushuka, lakini kilo na mayai havibadiliki sana.

Mwenyeji akitoa daftari la kumbukumbu, mgeni ajue amefika kwa mfugaji wa kweli. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kuku hupotea hivyo kuliko mali nyingine nyingi: wawili leo, mmoja keshokutwa, na mwisho wa mwezi hakuna ajuaye wamekwenda wapi. Humo daftarini, au katika kumbukumbu ya mwenyeji, ndimo yalimo majanga ambayo mgeni hakuyafikiria: kicheche, panya wanaobeba vifaranga, kibaka aliyeruka ukuta, chakula kilichochanganywa dagaa wenye mchanga mpaka utagaji ukaporomoka, umeme uliokatika usiku wa tatu wa vifaranga.

Hilo la mwisho linastahili maelezo. Kifaranga wa siku moja hujitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kila wiki. Sehemu ya kuwalelea, ambayo wafugaji huiita kinengunengu, hupashwa joto kwa taa au kwa jiko la mkaa. Vifaranga wakirundikana chini ya taa wana baridi; wakikimbilia pembeni wamezidiwa na joto. Mkaa nao, ukiwashwa katika chumba kisichopitisha hewa, huua vifaranga na hata anayewalinda. Mgeni aulize mwenyeji alifanya nini umeme ulipokatika, kwa kuwa siku moja swali hilo litakuwa lake.

Tuje sasa kwenye hatari ya ziara yenyewe. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa, lakini katika banda la kuku mgeni anaweza kuwa ndiye anayeleta kifo. Kideri, ambacho sehemu nyingine huitwa mdondo, husababishwa na virusi vinavyosafiri kwa nyayo za viatu, nguo, matenga, magurudumu, mifuko iliyotumika na trei za mayai zinazozunguka kutoka nyumba hadi nyumba. Kuku mgonjwa huhara kijani, hupumua kwa shida, hupinda shingo au hupooza. Dawa ya kuutibu ugonjwa huu haipo, na katika kundi lisilochanjwa unaweza kuua karibu kuku wote kwa siku chache. Tena kuku aliyekwisha kuambukizwa anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa, hivyo mgeni hawezi kujiaminisha kwa kutazama kwa macho.

Serikali zenyewe hulitazama jambo la kuhamisha magonjwa ya ndege kwa uzito. Januari 2017 Uganda ilithibitisha kuingia kwa mafua makali ya ndege kandokando ya Ziwa Victoria, na Oktoba mwaka huohuo Tanzania iliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 waliokamatwa Namanga wakiingizwa kutoka Kenya, jambo lililozua malalamiko ya upande wa pili wa mpaka. Watu wanaweza kubishana kuhusu njia iliyotumika, lakini hofu iliyokuwa nyuma yake inaeleweka.

Kwa hiyo ziara tatu zifanywe kwa siku tatu, na ikiwezekana zipishane kwa siku kadhaa. Mgeni avae nguo zilizofuliwa na viatu vilivyosuguliwa kwa sabuni, na akifika aombe kukanyaga dawa kabla ya kusogea bandani. Mwenyeji asiyekuwa na chombo cha dawa mlangoni ametoa somo jingine pasipo kusema neno. Asipite sokoni kwenye kuku hai akiwa njiani. Vifaranga awatazame kupitia wavu, asiwashike. Asikubali zawadi ya jogoo wala ya trei kuukuu, hata kama kuikataa kunaonekana utovu wa adabu. Aeleze sababu, na mfugaji makini atamwelewa. Akirudi nyumbani aoge na kufua, hasa kama jirani yake ana kuku. Na iwapo mwenyeji atampigia simu kumwambia kuku wake wameanza kuzubaa, ziara iahirishwe.

Chanjo nayo iulizwe kwa undani, si kwa swali la ndiyo au hapana. Ratiba ya kawaida nchini huanza na kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kisha kideri hurudiwa siku ya 21 na baadaye kila miezi mitatu. Ndui hufuata kuku wakikua. Wanaosema wamechanja ni wengi, ila wapo wanaoichanganya chanjo ya maji na maji ya bomba yenye dawa ya klorini, ambayo huiua kabla kuku hajainywa. Chanjo ya kideri inayostahimili joto, ambayo huzalishwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), hutolewa kwa tone moja jichoni, na kumtazama mtu akiifanya kazi hiyo mara moja kunatosha kuijua. Aulizwe pia kama huuza mayai wakati kuku wako kwenye dawa ya kuua bakteria. Namna atakavyojibu itaonyesha kama ni mtu wa kuigwa.

Baada ya hapo kinachobaki ni ofisi ya kata, kwa kuwa sheria ndogo za ufugaji mjini hutofautiana kati ya halmashauri moja na nyingine, na mazungumzo na majirani kabla ya ujenzi. Atakayeona bado ana nia aanze na vifaranga 20 au 30, idadi ambayo hata wakifa wote haitamfilisi, na aagize chanjo ya kwanza siku ileile anayolipia vifaranga.