Kikundi Kinunue Spika Gani?



Kikundi kimoja cha kina mama kilitujia na swali. Walikuwa wamechanga pesa za kununua spika ya mikutano, ambayo pia wangeikodisha kwenye harusi na matanga. Mjini walionyeshwa aina mbili za bei karibu sawa. Moja ni ndefu na nyembamba, ya kuwekwa chini ya televisheni. Madukani inaitwa saundiba. Nyingine ni ya kubeba mkononi, ina betri ndani na haihitaji waya. Sasa wachague ipi?

Sisi tuliwauliza: mnakutania wapi? Wakasema, "Chini ya mwembe." Basi, nusu ya jibu ilikuwa imeshapatikana.

SAUNDIBA NI YA NYUMBA

Televisheni za siku hizi ni nyembamba, kwa hivyo spika zake ni ndogo, na mara nyingi zinaelekea chini au nyuma. Picha ni safi lakini maneno hayasikiki vizuri. Saundiba ilitengenezwa kuondoa shida hiyo. Ikiunganishwa kwa waya, sauti huenda sawa na midomo ya anayesema.

Lakini nyingi hazina betri. Lazima zichomekwe kwenye soketi ya stima. Stima ikipotea, nayo inanyamaza. Tena chumbani sauti inasaidiwa na kuta, maana inazigonga na kurudi. Ukiitoa nje, sauti inatawanyika tu. Kama kikundi chenu kina chumba chenye stima, na mnaonyeshana video za ukulima au za afya, saundiba itawafaa.

SPIKA YA BETRI NI YA SAFARI

Hii inapokea sauti kutoka kwa simu kwa njia ya hewa iitwayo Bluetooth. Kwa kawaida simu isiwe mbali kupita mita 10 hivi, na ukuta au umati wa watu unapunguza umbali huo. Spika ndogo nyingi huchajiwa kama simu, hata kwa sola.

Udhaifu wake ni betri, ambayo huchoka miaka ikienda. Na ukiiunganisha na televisheni bila waya, pengine sauti itachelewa nyuma ya picha.

Angalieni jambo moja: si kila spika ya kubeba inakubali maikrofoni. Ile ndogo kama chupa ni ya watu wachache. Kama mtahutubia watu uwanjani, tafuteni kubwa yenye tundu la maikrofoni.

MKIFIKA DUKANI

1. Msidanganywe na wati. Namba kubwa kwenye sanduku mara nyingi ni nguvu ya kitambo kidogo tu. Ombeni spika itolewe nje ya duka, mmoja wenu asimame hatua 30, asikilize.

2. Ulizeni saa za betri, na kama betri inaweza kubadilishwa. Mkifungulia sauti mpaka mwisho, saa zilizoandikwa hazitafika.

3. Tazameni alama ya maji na vumbi. IP67 maana yake vumbi haliingii, na spika inaweza kuzama ndani ya maji ya mita 1 kwa dakika 30. Isiyo na alama, msiiache mvuani.

4. Risiti na garantii ziandikwe jina la kikundi, sio la mwenyekiti. Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia.

Wale kina mama walirudi mjini, wakachukua ya betri yenye tundu la maikrofoni. Kabla ya kuikodisha mara ya kwanza, walinunua daftari la kuandika nani ameichukua, amelipa ngapi na ameirudisha lini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Spika ikiharibika itatengenezwa, lakini kikundi kikikosana kwa sababu ya spika, kukirudisha pamoja ni kazi ngumu.

JADILIANENI KATIKA KIKUNDI

- Tutaitumia wapi zaidi, ndani au nje?
- Tutaichaji wapi, na nani atalipia?
- Itakaa kwa nani, na ikiharibika mikononi mwa mtu tutafanyaje?

Mkishakubaliana juu ya haya matatu, ndipo mtoe pesa.