Namba za Toleo Zinapopangwa na Mashine

Programu za Linux husambazwa katika vifurushi, na kila kifurushi hubeba namba ya toleo. Kompyuta inapotafuta masasisho haichunguzi kilichomo ndani. Hulinganisha namba tu, na ya kwenye ghala la vifurushi ikiwa kubwa kuliko iliyosakinishwa, ndipo inapopakua. Namba ikikosewa, mtumiaji hubaki na programu ya zamani bila onyo lolote.

Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, hulinganisha kipande kwa kipande, tarakimu kando na herufi kando. Ndiyo maana 1.10 huja baada ya 1.9, hata kama aliyezoea desimali atabisha. Kinachosumbua zaidi ni matoleo ya majaribio. Kwa Debian, 1.0rc1 ni kubwa kuliko 1.0, kwa kuwa ina nyongeza mwishoni. Aliyesakinisha jaribio hataletewa 1.0 kamili itakapotoka. Dawa ni alama ya wimbi: 1.0~rc1 hutangulia 1.0. RPM, mfumo wa vifurushi unaotumiwa na Fedora, iliipokea alama hiyo katika toleo la 4.10. Pacman, mfumo wa vifurushi wa Arch Linux, kwa upande wake, huiona 1.0rc1 kuwa ndogo hata bila wimbi, kwa hiyo namba moja hupata hukumu mbili.

Mitambo inayojenga vifurushi yenyewe kutoka kwenye Git, mfumo unaotunza historia ya msimbo, huongeza ugumu. Git hulitambulisha kila badiliko kwa mfuatano wa herufi na tarakimu usiofuata wakati, hivyo ukitumiwa peke yake, kifurushi cha leo chaweza kuonekana kidogo kuliko cha jana. Wafungashaji hutanguliza tarehe au idadi ya mabadiliko. Idadi nayo hudanganya: seva iliyopakua kipande tu cha historia ili kuokoa muda huhesabu pungufu, na historia ikiandikwa upya hesabu yaweza kurudi nyuma.

Tarehe ina mtego wake. Mradi ulioanza na 20230415 ukitoa 1.0, toleo hilo rasmi huonekana la kale. Debian na RPM huruhusu kuweka mbele namba ya zama, kama 1:1.0, inayoshinda zote zisizo nayo. Lakini ikishawekwa haiondoki tena. Mfungashaji mwangalifu huanza na 0~20230415. Na anapolazimika kurudi toleo la nyuma, wa Debian huandika 2.0+really1.9: namba isiyopendeza macho, ila hutoweka yenyewe 2.1 inapofika.