Mashine ya Maji Inavuja Oili? Osha Kwanza, Tafuta Pahala, Ndiyo Ununue Spea



Kiangazi kikikaza, mwenye tungule, matikiti au pilipili boga hapa Chwaka anategemea kitu kimoja: mashine ya maji iwake asubuhi. Ardhi yetu ya maweni ina udongo mchache na haishiki maji. Mmea ulio kwenye maua ukikosa maji siku chache tu, maua yanapukutika, na hela uliyotia kwenye mbegu na mbolea imekwenda nayo.

Sasa katika maradhi yote ya mashine hizi, linalodharauliwa zaidi ni kuvuja oili. Mtu anaona matone, anaongeza oili, anaendelea na kazi. Leo tulieleze hili vizuri, kwa sababu mara nyingi dawa yake ni rahisi, lakini ukilichelewesha linakula injini nzima.

Kwa nini tone dogo ni jambo kubwa

Mashine nyingi tunazotumia ni za petroli, silinda moja, zinazopozwa kwa upepo: Honda GX160, au zile zilizotengenezwa kwa mfano wake. Injini hii inachukua oili kidogo mno, kama lita 0.6 tu. Tena haina pampu ya oili kama ya gari. Chini ya konrodi kuna kijiko kidogo, kinachota oili na kuirusha juu kila injini inapozunguka. Ikivuja robo lita, karibu nusu ya oili yote imeshaondoka, na kijiko kinaanza kupiga hewa. Konrodi ikishika kwenye krenki, hapo hutafuti tena sili, unatafuta injini.

La pili ni kisima. Mawe yetu haya yana matundu, kinachomwagika juu kinashuka chini. Wengi wetu tunaiweka mashine ukingoni mwa kisima, na maji yale yale jirani anachota ya kutumia nyumbani. Oili inayodondoka pale haipotei, inakwenda kwenye maji.

Osha kwanza

Usinunue chochote kabla hujajua inavuja wapi. Oili huteremka na kupeperushwa na feni, kwa hivyo pahala palipolowa sipo lazima panapovuja.

Injini ikiwa baridi, ioshe kwa sabuni na brashi. Usirushe maji kwenye klina ya hewa, kabureta wala plagi. Usioshe kwa petroli karibu na injini ya moto, watu wameungua kwa hilo. Ikaushe kwa kitambaa, kisha ipake poda ya mtoto kwenye maungio yote. Jaza maji kwenye pampu (usiiwashe kavu, utaunguza sili ya maji), washa, iache ifanye kazi dakika 10 hadi 15, kisha zima. Poda itakapoanza kulowa, hapo ndipo.

Kabla ya spea, angalia mambo matatu

*Kipimo.* Weka mashine mahali pa sawa, fungua kifuniko cha oili. Oili iwe imefika ukingoni mwa tundu, isizidi. Ukiiweka mashine kwenye mteremko na kujaza mpaka tundu la juu, umezidisha, na oili itatafuta njia ya kutokea.

*Harufu.* Nusa oili. Ikiwa nyepesi, inanuka petroli na kipimo kimepanda badala ya kushuka, tatizo lako ni kabureta: petroli inapita mpaka ndani ya injini. Oili iliyochanganyika hivyo huvuja kila pahala na hailainishi kitu. Tengeneza kabureta, mwaga oili ile, tia mpya. Na jizoeshe kufunga koki ya petroli kila unapozima, hasa ukiibeba mashine kwenye bodaboda au gari ya ng'ombe.

*Tundu la kupumulia.* Hili wengi hawalijui. Injini ikifanya kazi, upepo unajaa ndani. Una njia yake ya kutokea: kwenye kifuniko cha vali kuna mpira mdogo unaokwenda kwenye klina ya hewa. Njia hiyo ikiziba kwa uchafu au mpira ukikunjika, upepo unaisukuma oili itoke kwenye sili. Unabadilisha sili leo, baada ya wiki mbili inavuja tena, unamlaumu fundi na muuza spea. Kumbe sili haikuwa na kosa. Vua mpira, usafishe, hakikisha upepo unapita.

Pahala panapovuja na dawa yake

1. *Bolti ya kumwagia oili.* Hii ndiyo rahisi. Chini ya bolti kuna washa laini ya alumini. Ukiifungua mara nyingi bila kubadilisha, haizibi tena. Tia washa mpya, kaza kwa kiasi. Mwili wa injini ni alumini, ukikaza kwa nguvu zote unakata nyuzi, na hapo umelifanya dogo kubwa.

2. *Kifuniko cha oili.* Kuna mpira wa duara ndani yake. Ukikauka au kupasuka, badilisha.

3. *Kifuniko cha vali,* kile cha mbele chenye bolti nne. Kifungue, ondoa gasketi ya zamani yote, pasafishe, weka mpya. Kaza bolti kwa msalaba, kidogo kidogo. Kazi hii kijana yeyote mwenye spana anaifanya shambani.

4. *Kifuniko cha ubavuni,* upande wa pampu. Hapa gasketi ni kubwa, na kuivua lazima pampu itoke. Mpe fundi. Lakini mwambie aweke gasketi yenyewe, si karatasi ya boksi, na asijaze silikoni. Silikoni inayozidi huchomoza kwa ndani, inakatika na kuelea kwenye oili.

5. *Sili za krenki.* Ziko mbili, moja nyuma ya pampu, nyengine nyuma ya gurudumu la feni. Ya upande wa pampu huonekana kwa oili inayodondoka kati ya injini na pampu. Angalia vizuri: ikiwa kinachodondoka ni maji, hiyo ni sili ya maji ya pampu, si ya oili. Fundi akishaitoa sili kuukuu, mwambie apitishe kidole kwenye shafti pale sili inapokaa. Ukisikia mfereji, sili mpya haitadumu kama itakaa pale pale. Sili ipakwe oili mdomoni kabla ya kuingizwa, ipigwe taratibu iingie sawa.

Ukienda mjini kununua, chukua sili ya zamani mkononi. Namba na vipimo vimeandikwa juu yake. Safari ya kutoka Chwaka mpaka mjini ni zaidi ya kilomita 30, usirudi na sili isiyokwenda.

Mambo ya kuepuka

Usikate ule waya wa kinga ya oili. Mashine zenye kinga hiyo hujizima oili ikipungua. Watu wanaukata ili iwake, ikawaka kweli, mpaka ikafa. Ikijizima, pima oili kwanza.

Usiilaze mashine ubavu wakati wa kuibeba. Oili inaingia kwenye klina ya hewa na kwenye silinda, ikiwashwa inatoa moshi mweupe, na wewe unadhani ringi zimekwisha.

Usiifanyishe kazi kwenye mteremko. Kijiko kile hakitafikia oili. Tandika mawe, iwe sawa.

Matunzo yasiyo na gharama

Mashine mpya, mwaga oili baada ya saa 20 za mwanzo. Baadaye kila saa 100. Ukimwagilia saa nne kwa siku, saa 100 ni siku 25, kwa hivyo hesabu mwezi mmoja na usipite. Tumia 10W-30 au SAE 30. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya tangi.

Chini ya mashine weka nusu dumu lililokatwa. Linakinga kisima, na pia linakupimia: ukiona limeanza kukusanya oili, umeshajua mapema. Isogeze mashine mbali na ukingo kadiri mpira wa kuvutia maji unavyoruhusu. Oili chafu itie kwenye dumu lenye kifuniko, usiimwage kwenye tundu la mawe wala kichakani.

Wenzetu wa mpunga wa Cheju wenye pawatila, zenu ni za dizeli na vipimo vyake ni vyengine, fuateni kitabu cha mashine. Lakini mpango ni ule ule: osha, tafuta, pima, ndiyo ufungue.

Fanyeni kazi hii sasa, kabla tungule hazijatoa maua. Siku mnazozihitaji zaidi ndizo siku mafundi wote wana foleni.