Jinsi ya kumwandaa kamba wa Naivasha bila kumtesa

WAPISHI wengi wanaonunua kamba wa maji baridi wa Ziwa Naivasha humtia katika maji yanayotokota akiwa angali hai. Desturi hiyo inazidi kupingwa, kwani uchunguzi wa kisayansi unaonyesha kuwa kamba na kaa huhisi maumivu.

Kamba huyo, ambaye asili yake ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico, aliingizwa Naivasha mwaka wa 1970. Huuzwa akiwa hai kwa sababu nyama yake huharibika upesi mno baada ya kufa. Kwa hivyo, jukumu la kumuua humwangukia mpishi.

Mnamo 2018, Uswisi ilipiga marufuku kuwachemsha kambakoche kabla ya kuwapoteza fahamu. Ripoti ya mwaka 2021 ya chuo cha London School of Economics, iliyopitia tafiti zaidi ya 300, ilisema kuna ushahidi thabiti kwamba wanyama wa jamii hii wana hisia. Mwaka uliofuata, Uingereza iliwatambua hivyo katika sheria.

Nyumbani, hatua ya kwanza ni baridi. Kamba awekwe katika chombo, afunikwe kwa kitambaa chenye unyevu, kisha aingizwe katika sehemu ya kugandishia ya jokofu kwa angalau dakika 20. Akiguswa machoni au mdomoni asitikisike, na mkia ukivutwa usirudi. Akionyesha dalili yoyote ya uhai, arudishwe.

Baridi pekee haitoshi. Neva za kamba zimepangwa kama mnyororo kutoka kichwani hadi mkiani. Kumkata kichwa tu hakumalizi maumivu. Alazwe kifudifudi juu ya ubao, kisha apasuliwe katikati kwa urefu kwa kisu kikali, kichwa kwanza, halafu mkia. Kazi hiyo isizidi sekunde 10.

Kaa wa Pwani ni tofauti: ana vituo viwili vikuu vya neva, kimoja mbele na kingine nyuma, na vyote sharti vitobolewe. Kumtumbukiza kaa wa baharini katika maji ya mfereji ili afe ni kumtesa polepole.

Baada ya hapo, kamba aoshwe na kupikwa mara moja. Kamba wa maji baridi aweza kubeba vimelea, hivyo asiliwe akiwa mbichi. Wakazi wa Nakuru na Naivasha wakumbuke pia kwamba katika mwinuko wa mita zipatazo 1,850 maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, wala si 100. Kwa sababu hiyo, apikwe kwa muda mrefu kidogo kuliko vitabu vya mapishi vinavyoelekeza, mpaka nyama iwe nyeupe kabisa hadi ndani.

Aliyekutwa amekufa kabla ya kuandaliwa atupwe.