Mchanga wa Mbali, Mvua ya Mbali

Safari za siku moja kutoka Page, mji mdogo wa kaskazini mwa Arizona, Marekani, mara nyingi huwa na vituo viwili. Watalii hushuka katika korongo la Antelope nyuma ya mwongozaji, kwa kuwa ardhi ile ni ya Wanavaho na mgeni haruhusiwi kuingia peke yake. Kisha husimama ukingoni mwa genge la Horseshoe Bend na kuutazama Mto Colorado ukijipinda mita 300 hivi chini yao. Kote kuwili jiwe ni lilelile: jiwe la mchanga la Navajo, ambalo miaka milioni 190 hivi iliyopita lilikuwa matuta ya jangwa kubwa. Mistari ya mshazari ambayo kila mgeni huipiga picha ni miteremko ya matuta hayo.

Mchanga wote ule ulitoka wapi? Mwaka 2003 wanajiolojia William Dickinson na George Gehrels wa Chuo Kikuu cha Arizona walitoa jibu ambalo hadi leo linanistaajabisha. Walipima chembe za zirkoni zilizomo ndani ya mawe ya aina hii. Zirkoni huumbika katika mwamba ulioyeyuka, na inapoganda huipokea urani lakini huikataa risasi. Urani nayo hugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika. Nusu yake huchukua takriban miaka bilioni 4.5 kugeuka. Basi risasi inayokutwa humo imezaliwa humo humo, na kiasi chake hueleza umri wa chembe. Umri wa chembe nyingi ulilingana na miamba ya Appalachia, upande wa pili wa bara, zaidi ya kilomita 2,000 mashariki. Mito ya kale iliubeba mchanga huo hadi magharibi, ndipo upepo ukaurundika jangwani.

Hata maji ya Horseshoe Bend yana habari ya juu ya mto. Zamani Colorado ulijaa tope jekundu. Siku hizi, mahali pale, huonekana wa kijani na baridi yake ni kali. Bwawa la Glen Canyon, lililoanza kuzuia maji mwaka 1963, liko karibu tu upande wa juu, na tope hubaki nyuma yake.

Kwangu mimi, elimu hii ina uzito mkubwa zaidi ndani ya korongo, kwa sababu huko kinachotoka mbali kinaweza kuua. Tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa katika sehemu ya chini ya korongo la Antelope. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha kilomita nyingi upande wa juu wa korongo, si pale walipokuwa. Jangwa lile ni mwamba mtupu, udongo ni haba na majani ni machache, kwa hiyo maji hayanywewi na ardhi. Hukimbia kama maji ya mvua juu ya paa la bati yanayoishia katika mfereji mmoja. Na ufa ukiwa mwembamba kiasi cha kugusa kuta zote mbili kwa mikono, maji hayana pa kutanuka ila kupanda juu. Mafuriko ya namna hiyo ndiyo yaliyozisugua kuta zikawa laini.

Sisi tuna msiba wa namna hiyo. Septemba 2019, watu 7, mwongozaji akiwa miongoni mwao, walisombwa na mafuriko katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya.

Kwa hiyo kabla ya kushuka korongo lolote, usitosheke na jua linalokuwakia utosini. Muulize mwongozaji maji ya hapo hutoka milima ipi, na huko juu kumeamkaje leo. Angalia njia ya kupanda iko wapi kabla hujaihitaji. Maji yakianza kuwa na tope, au ukisikia mngurumo, panda papo hapo na uache mizigo. Na mwongozaji akiahirisha safari wakati mbingu ni nyeupe juu yenu, msimdai nauli kwa hasira. Huenda ameshapata habari za wingu msiloliona.