Kukatika kwa Matangazo ya Redio ya Intaneti: Chanzo, Utambuzi na Tiba

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Msikilizaji anayefungua redio ya intaneti katika simu yake husikia sauti tu. Haoni mnyororo mrefu unaomfikishia sauti hiyo. Mnyororo huo hukumbukwa pindi unapokatika. Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, suala hili si la mafundi peke yao. Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai, mnamo mwaka 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tumepata sababu zaidi ya kutaka kusikika mbali. Ngonjera ikikatika katikati ya ubeti, hoja hupotea na msikilizaji naye huondoka. Makala haya yanafafanua jinsi ya kutambua mahali penye hitilafu.

Safari ya Sauti

Tuchukue mfano wa wanafunzi wanaotangaza kutoka Njoro. Sauti hutoka kwenye maikrofoni na kuingia katika kompyuta, ambayo huibana na kuituma kwa seva. Seva ndiyo inayompa kila msikilizaji nakala yake. Iwapo seva hiyo iko Ulaya, sauti husafiri hadi pwani, huvuka bahari kwa nyaya, kisha hurudi ili kumfikia msikilizaji aliye Molo, jirani tu na Njoro! Hivyo basi, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika mwezi Mei 2024 na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, redio iliyotegemea seva ya ng'ambo ingeweza kuwapoteza hata wasikilizaji wa mtaani mwake.

Utambuzi

Kosa la wengi ni kubadilisha kila kitu kwa pamoja. Hitilafu ikiondoka, hawajui kilichoiondoa. Ikirejea, huanza upya. Afadhali kuuliza maswali matatu kwa utaratibu.

Kwanza, je, rekodi ya studioni ni nzima? Kila kipindi kirekodiwe katika kompyuta ile ile inayokirusha. Rekodi ikiwa na pengo, intaneti haina hatia: ichunguzwe maikrofoni, waya, au kompyuta iliyolemewa na programu nyingi.

Pili, je, wasikilizaji wote wamekosa sauti kwa wakati mmoja? Wateuliwe wasikilizaji wawili wa majaribio wanaotumia mitandao tofauti ya simu. Mmoja akikosa sauti na mwenzake akaipata, huenda tatizo liko upande wa yule aliyeikosa. Wote wakiikosa, yaelekea tatizo liko kati ya studio na seva, au katika seva yenyewe.

Tatu, je, sauti hukatika wasikilizaji wanapoongezeka? Hesabu ni nyepesi: mkondo wa kilobiti 64 kwa sekunde ukisikilizwa na watu 100, seva hutoa kilobiti 6,400 kwa sekunde. Seva iliyokodiwa kwa kiwango kidogo italemewa.

Tiba

Kabla ya kipindi, ipimwe kasi ya kupakia, wala si ya kupakua peke yake. Yafaa iwe angalau maradufu ya mkondo. Kompyuta iunganishwe na intaneti kwa waya badala ya waifai. Mkondo ukiyumba, kiwango kipunguzwe, kwani mjadala hauhitaji kiwango kikubwa kama muziki. Aidha, kuwe na modemu ya mtandao mwingine pamoja na betri ya akiba. Mnamo tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya Kenya, ilhali Olkaria, chimbuko la umeme wa jotoardhi, imo katika kaunti hii hii ya Nakuru. Seva za Icecast, kwa mfano, zaweza kupangwa ili zimhamishie msikilizaji kwenye rekodi ya akiba mkondo mkuu unapokatika, kisha zimrejeshe.

Hitimisho

Kila studio iwe na daftari la hitilafu: saa, dalili, chanzo na tiba. Daftari hilo liandikwe kwa Kiswahili. Atakayepokea zamu atarithi maarifa, nasi wanafunzi wa lugha tutapata istilahi zilizozaliwa kazini, mahali ambapo istilahi hupimwa kwa matumizi.