Kipindi Kilichofufuliwa na Marudio

Watu wengi hulidharau neno "marudio" wanapoliona katika ratiba ya televisheni. Hudhani kwamba kilichokwisha kuonyeshwa ni makombo ya jana. Walakini iko hadithi moja ya kubuni ya kisayansi, iliyotengenezwa Marekani, ambayo ilikufa ilipokuwa mpya ikafufuka ilipokuwa marudio. Hadithi hiyo ni Star Trek, nayo yastahili kusimuliwa katika nyumba za askari, kwa kuwa mkono wa askari umo ndani yake tangu mwanzo.

MTUNZI ALIYEVAA SARE MBILI

Mtunzi wake, Gene Roddenberry, alizaliwa mwaka 1921. Katika Vita Kuu ya Pili alirusha ndege za mabomu aina ya B-17 huko Bahari ya Pasifiki, akatoka katika safari za kivita 89. Mwaka 1949 alijiunga na polisi wa jiji la Los Angeles. Humo aliandika hotuba za mkuu wake wa polisi, na katika saa zake za mapumziko akaandika michezo ya televisheni. Mwaka 1956 aliacha kazi ya polisi ili aishi kwa kalamu.

Hata mmoja wa wachezaji wake wakuu alikuwa ameonja vita. James Doohan, aliyecheza sehemu ya Scott, fundi mkuu wa mitambo, alikuwa ofisa wa mizinga katika jeshi la Kanada. Tarehe 6 Juni 1944 alishuka katika ufuko wa Normandy, Ufaransa, akapigwa risasi kadhaa na kupoteza kidole cha kati cha mkono wa kulia. Katika kucheza alijitahidi kuuficha mkono huo, na wengi waliomtazama kwa miaka hawakujua kamwe.

Basi si ajabu kwamba chombo cha angani kiitwacho Enterprise chaonekana kama kikosi halisi: ana Kapteni wake Kirk, ana msaidizi wake Spock, wako waganga na mafundi, na kila mtu yuko mahali pake pa kazi.

SAA MBAYA, SAA NJEMA

Kipindi cha kwanza kilionyeshwa na shirika la NBC tarehe 8 Septemba 1966. Watazamaji wake walikuwa na mapenzi makubwa, lakini hesabu yao haikuwaridhisha wenye shirika. Katika mwaka wake wa tatu kikasogezwa hadi saa nne ya usiku wa Ijumaa, saa ambayo vijana waliokipenda walikuwa wametoka kwenda matembezini. Mchezo wa mwisho ulionyeshwa tarehe 3 Juni 1969, majuma machache kabla ya binadamu kukanyaga mwezi. Jumla ya michezo ilikuwa 79, na wengi waliamini kwamba mambo yamekwisha.

Ndipo yakaja marudio. Vituo vya miji mbalimbali vilinunua michezo ile na kuionyesha kila siku, mara nyingi mwanzoni mwa jioni, watoto wakiwa wametoka shule na wazazi wakirejea kazini. Mchezo ni ule ule na maneno ni yale yale. Saa tu ndiyo iliyobadilika. Aliyekosa mchezo leo aliukuta mwingine kesho. Mwezi Januari 1972 wapenzi wa kipindi hicho waliitisha mkutano jijini New York. Waandalizi walitarajia mamia, wakaja maelfu. Mwaka 1976, baada ya barua nyingi kumfikia Rais Gerald Ford, chombo cha kwanza cha majaribio cha aina ya "shuttle" kilipewa jina la Enterprise. Mwaka 1979 ikatoka sinema.

VIPANDE VILIVYOKATWA

Hata hivyo marudio hayo yalikuwa na kasoro. Kila mchezo ulitengenezwa uwe wa dakika zipatazo 50, lakini vituo vilitaka nafasi zaidi kwa matangazo ya biashara, wakakata dakika kadhaa. Kizazi kizima kilikua kikiipenda hadithi ambayo hakikuwahi kuiona yote. Ndiyo sababu furaha ilikuwa kubwa mwaka 1998, pale Sci-Fi Channel, kituo cha televisheni ya kebo kilichoanzishwa mwaka 1992, kilipoirudisha michezo hiyo bila kukatwa, kila mmoja ukipewa saa moja na nusu. Watu wazima waliojua kila neno waligundua kwamba yako maneno ambayo hawakuyasikia utotoni.

Lipo na jambo jingine la kuwapa fundisho wote wanaotia sahihi katika karatasi. Mikataba ya wakati ule iliwalipa wachezaji kwa marudio machache tu ya mwanzo. Sura zao zikaendelea kuonekana jioni baada ya jioni, na wao wasipate hata senti. Soma mkataba mpaka mstari wa mwisho.

JINA LITOKALO KWETU

Msomaji wa Kiswahili ana haki yake ya pekee katika kipindi hiki. Ofisa wa mawasiliano, Luteni Uhura, alipewa jina lililotokana na neno letu "uhuru", herufi ya mwisho ikibadilishwa. Tena katika mchezo ule wa kwanza kabisa wa mwaka 1966 yasikika maneno ya Kiswahili, na mwaka 1967 Uhura, akiwa amepoteza kumbukumbu, anarudia Kiswahili anapofundishwa upya kusoma.

Aliyecheza sehemu hiyo, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba alitaka kuacha kazi hiyo, na kwamba Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, kwa kuwa watu weusi walihitaji kumwona pale. Alibaki. Mtoto mmoja aliyemtazama, Mae Jemison, alikuja kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Marekani kwenda angani, mwezi Septemba 1992. Nichols alifariki mwaka 2022, akiwa ameliona tunda la kubaki kwake.

KWA WENYE NYUMBA

Askari wa zamu ajua uchungu wa kukosa kipindi kinachopendwa na jamaa zake. Kwake yeye marudio ni fidia. Basi mama wa nyumbani atazame ratiba ya juma mapema, atie alama saa ambayo baba au mama mwenye sare atakuwa mapumzikoni, na watoto wamalize masomo kabla ya saa hiyo. Jamaa wakae pamoja, na mchezo ukiisha waulizane: Kapteni alifanya haki? Wewe ungetoa amri gani? Mazungumzo hayo yatawafaa watoto hata baada ya televisheni kuzimwa.